Robo Tatu ni Hatua Tatu: Jinsi Nilivyomfunza Binti Yangu Akisami kwa Utepe, Lastiki na Kamba ya Nguo

Mimi ni fundi wa nguo hapa Umoja, Nairobi, si mbali na soko la Mutindwa. Sare za shule ndizo zinazolipa kodi ya kibanda: kaptura, mashati, sketi za marinda. Tepu haitoki shingoni tangu asubuhi, na ni nadra niandike kipimo kisicho na nusu au robo ndani yake. Ndiyo maana daftari la binti yangu lilininyima raha. Alikuwa Gredi ya 4. Alikuwa ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5, tena kwa mwandiko safi wa mtoto asiye na shaka. Nikamuuliza kati ya 1/8 na 1/4 ipi kubwa. Akanijibu papo hapo, "1/8, Mama. Nane si ni kubwa kuliko nne?"

Huyu ni mtoto ninayemtuma dukani nusu mkate na maziwa ya nusu lita, na hajawahi kurudi na chenji pungufu. Nusu anaijua vizuri. Asichokijua ni kwamba ile 1/2 ya daftarini ni nambari, kama 3 au 7, na ina mahali pake pa kukaa. Kwake zilikuwa nambari mbili zilizopandana, ya juu na ya chini, kila moja na mambo yake.

Kazi ya kumtoa hapo ilichukua muhula mzima, dakika kumi au kumi na tano jioni, kibandani, kabla hajaanza kazi nyingine za shule. Nitaeleza kwa mpangilio tulioufuata, pamoja na pale tulipokwama, kwa sababu nimeona watoto wa majirani nao wanakwama pale pale.

Kwanza, chapati. Karibu sote tulifunzwa akisami kwa kukata chapati, na sina ugomvi nayo kwa siku ya kwanza. Lakini ukimwambia mtoto akuonyeshe robo tano za chapati, atakwama. Binti yangu aliniambia, "Lakini Mama, robo ziko nne tu." Kwenye chapati amesema kweli. Tena chapati haimwambii kama robo tatu iko mbele au nyuma ya thuluthi mbili. Vipande vimelala sahanini, hakuna kilichotangulia. Mstari unatatua yote mawili. Una mwanzo, una mwelekeo, na haukomi kwenye moja.

Utepe

Kata utepe wa urefu wowote, sentimita 40 zinatosha, au ukanda wa karatasi ya kaki ile tunayokatia patani. Ulaze mezani mbele ya mtoto. Ncha ya kushoto andika 0, ncha ya kulia andika 1. Mwambie hii ni safari, kutoka sifuri hadi moja. Kisha mwache yeye mwenyewe aukunje katikati, ncha juu ya ncha, aupige pasi kwa ukucha, aufungue.

Sasa andika 1/2. Angalia sana unapoiandika. Iandike chini ya mkunjo wenyewe, usiiandike katikati ya kipande. Mimi wiki ya kwanza nilikosea hapa: niliandika 1/2 ndani ya kipande cha kushoto na 1/2 nyingine ndani ya kipande cha kulia, na mtoto akabaki anaona chapati iliyonyooshwa. Ukiiandika chini ya mkunjo, 1/2 inakuwa mahali. Mwambie aweke kidole kwenye 0, akiburute hadi kwenye mkunjo, aseme: "Kutoka sifuri hadi hapa ni nusu." Rudieni mpaka kidole chenyewe kizoee kuanzia sifuri.

Sifuri ndiyo watoto huisahau. Mpe rula na utaona wengi wakianza kupima kwenye 1. Hilo nilimweleza kwa tepu yangu kuukuu, ambayo ncha yake imechakaa hadi alama za mwanzo hazisomeki. Nikipima nayo naanzia 10, kisha natoa 10. Kinachohesabika ni umbali kutoka pale ulipoanzia.

Kunjeni tena, mpate robo. Tena, mpate thumuni, yaani 1/8. Hapa ndipo pana shimo kubwa kuliko yote, nami nitakaa hapa kidogo.

Hesabu nafasi, usihesabu vijiti

Siku ya tatu nilimwambia achore mstari kwenye daftari, 0 hadi 1, augawe sehemu nne sawa bila kukunja. Akachora vijiti vinne katikati ya 0 na 1. Ukihesabu vipande, ni vitano. Nikamwambia arudie, akachora vinne tena. Alisikia "nne" akachora vinne, na sikuwa na neno la kumwonyesha kosa liko wapi.

Kilichonisaidia ni shati lililokuwa mezani. Nilimpa vifungo vitano avipange kwenye ukingo wa shati kwa umbali sawa, cha kwanza juu kabisa, cha mwisho chini kabisa. Kisha nikamuuliza kuna nafasi ngapi kati ya vifungo. Akahesabu kwa kidole: nne. Vifungo vitano, nafasi nne. Tukatoa viwili, tukapanga vitatu: nafasi mbili. Tukaongeza hadi tisa: nafasi nane. Baada ya hapo neno letu likawa "nafasi au vifungo?" Akikosea namuuliza hivyo tu, anajirekebisha mwenyewe.

Kwa hiyo nambari ya chini haihesabu vijiti. Inasema safari ya kutoka 0 hadi 1 imegawanywa kwa nafasi ngapi zilizo sawa. Na hilo neno sawa lisipitwe haraka. Nilimwambia afikirie matatu za barabara ya Outering: kutoka Allsops, Kariobangi, Mutindwa, Donholm, hadi Taj. Vituo vitano, nafasi nne. Je, ukifika Mutindwa umemaliza nusu ya njia? Alifikiri kidogo akasema hapana, kwa sababu vituo vingine vimekaribiana na vingine viko mbali. Ndivyo. Vituo haviwezi kutupa robo. Marinda ya sketi yanaweza, maana nikikosa kulinganisha hata moja sketi inakaa upande.

Acha lugha yetu ifanye kazi

Darasani wanasoma hisabati kwa Kiingereza, na majina ya akisami wanayakariri kwenye somo la Kiswahili kama orodha ya mtihani: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri, yaani kutoka 1/2 hadi 1/10. Masomo mawili, na hakuna aliyemwambia mtoto kwamba ni kitu kimoja. Naona hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu majina haya yanaeleza akisami vizuri kuliko ule mstari mdogo wa katikati.

Sikiliza tunavyosema: robo tatu. Ni kama kusema shilingi tatu, au hatua tatu. Kwanza unataja kitu, kisha idadi yake. 3/4 ni robo, robo, robo. Weka kidole kwenye 0 na urukie mkunjo wa kwanza: robo moja. Wa pili: robo mbili. Wa tatu: robo tatu. Jina ni ukubwa wa hatua. Idadi ni mara ngapi umeruka. Nambari ya chini imetoa jina, nambari ya juu imehesabu.

Nilimfanya aisome kila akisami kwa namna hiyo kwa wiki mbili nzima. 5/8, "thumuni tano." 2/3, "thuluthi mbili." Na lile swali la 1/8 na 1/4 likajijibu lenyewe. Aliweka kidole gumba na cha shahada kwenye utepe kupima thumuni, akahamisha akapima robo, akaona thumuni imeingia ndani ya robo mara mbili. Safari ile ile ukiigawa kwa hatua nyingi, kila hatua inakuwa fupi. Sikumwambia kanuni yoyote.

Tahadhari moja kuhusu thumuni: wazee huita sarafu ya senti 50 thumni, nayo ni nusu ya shilingi. Mama yangu alitutembelea jioni moja, akasikia somo, akasema thumni ni nusu bwana. Ilinibidi nimweleze mtoto kwamba hilo ni jina la sarafu, na kwenye utepe wetu thumuni ni moja ya nane.

Kisha vukeni moja. Ungeni utepe wa pili wa urefu ule ule mbele ya wa kwanza, ncha ya mwisho iwe 2, kunjeni robo zake, muendelee kuruka: robo nne, hapo ni 1, robo tano, robo sita. Ile robo tano iliyomshinda kwenye chapati ilikuwa inamngoja mbele kidogo ya 1. Alicheka kwa sauti, nami nikajua tumevuka.

Hapo hapo kuna mtego. Ukiwa na mstari wa 0 hadi 2 na ukamwambia mtoto aonyeshe 1/2, wengi huonyesha 1, kwa sababu ndiyo katikati ya mstari wote. Usimwambie amekosea. Mwambie aonyeshe 1 kwanza, kisha ajiulize nusu ya njia ya kutoka 0 hadi 1 iko wapi. Akisami hupimwa kwa moja, si kwa urefu wa mstari uliochorwa.

Lastiki

Mkunjo unakupa nusu, robo na thumuni kwa urahisi. Thuluthi utaipata kwa kukunja kama barua ya kutia bahasha, na itabidi usukume huku na huku mpaka sehemu tatu zilingane. Humusi na subui ni taabu tupu. Mimi natumia lastiki ya kiuno, ile pana na mpya, isiyolegea.

Ilaze bila kuivuta, uweke alama kwa kalamu kila sentimita 2. Kwa humusi, weka 0 kisha alama tano, jumla sentimita 10. Kwa subui, 0 na alama saba, jumla sentimita 14. Sasa chukua utepe wenye urefu wowote unaozidi lastiki kidogo, bana 0 ya lastiki kwenye 0 ya utepe, vuta taratibu mpaka alama ya mwisho ifike kwenye 1, kisha mtoto anakili alama kwenye utepe. Humusi tano sawasawa, bila kugawanya chochote. Vuta kwa mikono miwili ukishika upana wote, la sivyo upande mmoja unanyooka zaidi.

Lastiki ina somo jingine, nami naliona kubwa kuliko hilo la kukata. Weka alama za robo, mwambie mtoto ashike 0, wewe ushike 1, mvute. Achieni. Vuteni tena. Urefu unabadilika na alama ya nusu bado iko nusu ya njia, ya robo bado iko robo. Binti yangu aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Sasa nusu ya lastiki ndefu na robo tatu ya lastiki fupi, ipi kubwa?" Hapo ndipo mnapozungumza kwamba akisami mbili hulinganishwa kwenye mstari mmoja, wenye moja ile ile. Nusu ya mkate mkubwa na nusu ya mkate mdogo si sawa, hilo kila mtoto wa Nairobi analijua.

Kamba ya nguo

Hii ilimfurahisha zaidi, na kaka yake mdogo akajiunga. Funga kamba, pima sentimita 240. Bana kadi ya 0 mwanzoni, ya 1 kwenye sentimita 120, ya 2 mwishoni. Nilichagua 120 baada ya kujaribu 100, ambayo inakataa thuluthi na sudusi. 120 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 10 na 12 bila kubakiza: nusu ni 60, thuluthi 40, robo 30, humusi 24, sudusi 20, thumuni 15, ushuri 12.

Andika akisami kwenye vipande vya kaki, vitie kwenye kopo, mtoto achomoe kimoja bila kuangalia. Sheria ni kwamba anakisia kwanza, anabana kwa kibanio pale anapodhani, anaeleza sababu, ndipo tunapima kwa tepu. Usiruhusu kupima kabla ya kukisia. Kukisia ndiko kunakomlazimisha kujiuliza: imevuka nusu au haijavuka? Imekaribia moja? Akichomoa 4/8 na kukuta vibanio vya 1/2 na 2/4 viko pale pale, avibane vyote mahali pamoja, kimoja juu ya kingine. Usikimbilie kumfunza kurahisisha akisami. Majina matatu, mahali pamoja, basi.

Siku moja zilitoka 3/4 na 5/6 zikifuatana. Kwa miaka mingi mimi mwenyewe ningetafuta kwanza nambari ya chini ya pamoja. Yeye alisema, "Hii imebakiza robo ifike moja. Hii imebakiza sudusi. Sudusi ni fupi, kwa hivyo hii imekaribia zaidi." Tukapima: 90 na 100.

Tukarudi kwenye daftari

Nilingoja mpaka wiki ya saba kabla ya kugusa kujumlisha. Nilimwambia abane 1/2 kwenye kamba: sentimita 60. Kutoka hapo aongeze hatua ya thuluthi, sentimita 40. Akafika 100. Kisha nikamwomba abane lile jibu lake la zamani, 2/5. Humusi mbili ni sentimita 48. Alisimama na kibanio mkononi. "Lakini Mama, hiyo iko nyuma ya nusu. Nilianza na nusu, nikaongeza, nikarudi nyuma?"

Sikuongeza neno. Baada ya kitambo akauliza, sasa 100 inaitwaje? Hapo ndipo mnapotafuta hatua moja inayoweza kufika kwenye nusu na pia kwenye thuluthi. Robo inafika kwenye nusu lakini inairuka thuluthi. Sudusi inafika kote: nusu ni sudusi tatu, thuluthi ni sudusi mbili. Sudusi tatu na sudusi mbili ni sudusi tano, kama ambavyo vifungo vitatu na vifungo viwili ni vifungo vitano. 5/6. Ile kazi ya nambari ya chini ya pamoja, inayowatesa watoto, ni kukubaliana tu tutatembea kwa hatua gani.

Mteja wangu mmoja ni mwalimu wa hisabati, naye aliposikia haya alinieleza kwamba kosa la binti yangu halina mipaka. Mwaka 1978 nchini Marekani, katika tathmini ya kitaifa, watoto wa miaka 13 waliulizwa wakadirie 12/13 + 7/8, wachague kati ya 1, 2, 19 na 21. Walioichagua 2 walikuwa 24 tu kati ya kila 100. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21. Nilimpelekea binti yangu swali hilo jioni ile ile. Aliangalia kamba, akasema 12/13 imebakiza kidogo sana ifike 1, 7/8 imebakiza thumuni ifike 1, kwa hivyo ni karibu 2. Mwalimu huyo huyo aliniambia kwamba mwaka 2010 idara ya elimu ya Marekani ilitoa mwongozo unaowashauri walimu wafanye mstari wa nambari kuwa chombo kikuu cha kufunzia akisami. Nilifurahi kusikia, ingawa kamba yetu ilikuwa imeshafungwa.

Kutoa ni kurudi nyuma kwa hatua zile zile, hakuna jipya. Kugawanya tuligusa kidogo kwa kazi halisi: nina mita 2 na nusu za utepe, kila sketi inataka robo mita, zitatosha sketi ngapi? Aliruka robo kwa robo hadi akafika: kumi. Hakugeuza nambari ya pili juu chini kama wanavyofunzwa, na sikumhimiza. Kanuni hiyo itakuja na ataikuta ana picha kichwani.

Mambo madogo niliyojifunza njiani. Akichoka, funga, dakika ishirini za mtoto aliyechoka zinaharibu kazi ya siku mbili. Usimshikie kidole akiruka, aruke mwenyewe hata akikosea. Chora mistari mingine bila alama yoyote isipokuwa 0 na 1, na mingine yenye alama nyingi kuliko anazohitaji, kwa mfano alama za thumuni huku unamwambia atafute robo tatu, ili asizoee kuhesabu vijiti alivyowekewa. Na upande wa inchi wa tepu ya fundi usiusahau: kila inchi ni mstari wa 0 hadi 1, wenye kijiti kirefu cha nusu, vifupi vya robo na vifupi zaidi vya thumuni. Siku hizi nikipima mteja huwa namwita aje asome. Wiki iliyopita alisoma kiuno cha mwanafunzi mmoja, akasema, "Ishirini na nne na thumuni tano," akaandika 24 5/8 kwenye kitabu cha vipimo, nami nikakata kitambaa kwa kipimo hicho.